Mtu wa Upande wa Pili

Wa kwanza kuondoka alikuwa fundi wa paa, akaondoka na nyundo zake. Akafuata wa dari, mtu wa kupiga miluzi asiyejua wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Kisha wa plasta, wa vigae, wa umeme, na baada yao wapaka rangi wawili waliokuwa wakibishana mpira kutwa nzima na kupakana rangi kwa bahati mbaya ya makusudi. Kila aliyemaliza alifunga vifaa vyake, akaaga, akatoka getini na kelele zake. Nyumba ikawa inapendeza zaidi kila wiki, na kila wiki inazidi kunyamaza.

Mwenye nyumba aliitwa Matroni. Alikuwa amestaafu, lakini jina halikustaafu. Miaka yake yote ya kazi alikaa na bweni la wasichana: kuzima taa, kukagua vitanda, kunusa sabuni iliyoibwa, kujua nani analia kwa homa na nani analia kwa barua. Hakuna msichana aliyempenda akiwa bwenini, na hakuna aliyemsahau baada ya kutoka. Maneno yake yalikuwa machache, na yote makavu. Fundi wa vigae alipoweka kigae kimoja kimeinama, aliambiwa, "Hicho kitoe. Mimi si mbuzi, sipandi mlima kwenda chooni." Akakitoa, na kigae cha jirani pia kwa tahadhari.

Mafundi walimwogopa. Wasichokijua ni kwamba kila asubuhi aliamka kabla ya majogoo, akabandika sufuria kubwa ya chai, ile ya shughuli, kisha akasimama dirishani kuangalia nani atakuwa wa kwanza kufungua geti.

Ukarabati ulikuwa wazo la binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mbali, huko ambako mtu hafiki kwa siku moja wala kwa nauli ya kubahatisha. "Mama, paa linavuja, dari linaoza. Unaishi pangoni," alisema. Akapanga kila kitu kwa simu, na kila jioni alipiga kuuliza leo yuko fundi gani. "Afadhali," alikuwa akisema. "Nalala vizuri nikijua una watu hapo." Marehemu mume wa Matroni aliijenga nyumba ile chumba baada ya chumba, na alipofariki ilikuwa bado inangoja milango miwili. Sasa ilikuwa na milango yote. Ilikosa watu wa kuifungua.

Kazi ya mwisho ilikuwa gata, mifereji ya kukinga maji ya mvua ukingoni mwa paa.

Fundi wa gata alikuja asubuhi yenye mawingu, mtu mrefu mkavu, ngazi mbili juu ya mkokoteni na mpira mwembamba wa plastiki umezungushwa begani. Watu walimwita Nyoosha, kwa sababu alikuwa hawezi kupita mbele ya picha iliyopinda ukutani bila kuigusa. Aliizunguka nyumba yote bila kusema kitu, akirudisha kichwa nyuma, jicho moja akilibana.

"Nyumba yako imekaa kama mtu mwenye nyonga mbovu," alisema alipomaliza.

"Ni ya zamani. Hata mimi nyonga zinauma, na sijamwita fundi."

Nyoosha akacheka. "Sikulaumu, Mama. Nasema tu ujue kwa nini siangalii ubao wa paa lako wala ukuta. Ubao unadanganya. Ukuta unadanganya. Maji hayadanganyi." Akaushusha mpira begani. Ulikuwa unaonyesha ndani, na alipoujaza maji Matroni alielewa mara moja. Ukishika ncha moja mwanzo wa ukuta, na mwenzako akashika nyingine mwisho wake, maji yanasimama kimo kimoja huku na huku, hata kama nyumba nzima imelala ubavu. Mnachora alama pale yaliposimama. Kutoka hapo fundi anajua ateremshe gata kiasi gani ili maji ya mvua yaende kwenye bomba la kushushia, yasilale njiani. Ila ni kazi ya watu wawili. Mtu hawezi kuwa ncha zote mbili.

"Mwenzako yuko wapi?" Matroni aliuliza.

"Alikuwa mdogo wangu. Ameniacha. Anasema hafanyi kazi na mtu anayepapasa." Akajigonga chini ya jicho la kushoto, ambalo lilikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni. "Hili daktari ameliangalia, amesema tusubiri. Basi tunasubiri, mimi na jicho. La pili zima. Nilidhani hapa kuna kijana wa kunishikia."

"Hapa kuna mimi."

Nyoosha alimtazama kuanzia kilemba mpaka malapa. "Mama, ni ngazi."

"Naona ni ngazi. Nilisema ni kitanda?"

Akapanda.

Walianza na ukuta wa mbele. Nyoosha upande wa jikoni, ambako tangi la maji ya mvua lingekaa. Matroni upande wa pili, pembe ya chumba chake cha kulala, penseli nyuma ya sikio kama karani.

"Hapo?"

"Bado. Yanacheza."

"Usitikisike."

"Sitikisiki. Ni wewe."

"Acha kupumua kidogo."

"Nikiacha kupumua utanizika wewe? Hapo sasa. Hapo."

"Chora."

Akachora. Akashuka, wakasogeza ngazi, wakapanda tena. Kati ya alama na alama ilibidi wasubiri maji yatulie, na maji yale hayakuwa na haraka, hivyo waliongea. Waliongea kwa sauti ya juu, kila mtu juu ya ngazi yake, nyumba nzima katikati yao. Nyoosha alisimulia mteja aliyetaka gata zipandishe maji badala ya kuyashusha kwa sababu tangi lake lilikuwa mlimani. Matroni alisimulia msichana aliyeficha kuku hai kabatini muhula mzima, na kuku akajifunza kunyamaza wakati wa ukaguzi.

"Mwongo!" Nyoosha alipiga kelele kutoka kwake.

"Kuku yule alikuwa na nidhamu kuliko wewe. Hapo!"

Jioni ile, akinawa vumbi, Matroni aligundua kwamba koo limemkauka kwa kuongea. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza swali, kisha akanyamaza kabisa, akangojea jibu lake.

Siku iliyofuata wakafunga vishikizi, wakapandisha gata za mbele, nyeupe, zinang'aa. Wakahamia ukuta wa nyuma. Huko mpera ulikuwa umeinamisha matawi mpaka karibu na paa, hivyo hawakuonana, walisikiana tu. Matroni alipenda hivyo pia. Sauti ilitoka ndani ya majani ikiuliza, naye akaijibu.

"Mambo yakienda hivi," sauti ikasema, "kesho mchana nimeondoka zangu, nikuache upumzike."

Neno lile lilimkwama Matroni kama mwiba wa samaki. Tangu astaafu kila mtu alimwambia apumzike. Binti yake, wauguzi wa kliniki, wale aliofanya nao kazi walipomwandalia keki. Pumzika, Matroni. Kana kwamba mtu anachoka na watu. Aliiona kesho kutwa ilivyo: kikombe kimoja mezani, vigae vinavyong'aa, dari jipya lisilopitisha hata kelele za panya, na yeye akitembea chumba hadi chumba kufunga milango ambayo hakuna aliyeifungua.

"Hapo?" Nyoosha aliuliza.

Maji yalikuwa yametulia. Aliyaona vizuri kabisa, yamesimama kwenye mpira kama jicho lisilopepesa. Akaishusha penseli vidole vinne chini ya maji, akachora mstari mnyoofu.

"Hapo," alisema.

Hakuwa amelipanga jambo lile alipoamka. Lakini mtu asimtetee: alijua anachofanya. Bomba la kushushia lilikuwa upande wa fundi. Upande wake palikuwa na kizibo tu, na chini ya kizibo ukuta wa chumba chake. Akichora chini, gata litamwinamia yeye. Mvua ikija, maji yatarudi nyuma na kumwagikia ukutani. Gata likimwagika, fundi anaitwa. Fundi akiitwa, anakuja. Hesabu yake iliishia hapo.

Na Nyoosha hakwenda kukagua. Katika kazi ile huendi kukagua alama ya mwenzako. Mtu wa upande wa pili akisema hapo, ni hapo. Ukimfuata na ngazi yako kuhakikisha, ni sawa na kumwita mwongo mbele ya watu. Alifunga kwa kufuata alama mbili zile. Macho yake yalimwambia kuna kitu, maana alisimama chini akalitazama gata kwa muda, akabana jicho moja, akabana la pili. Kisha akatikisa kichwa.

"Nyumba yenyewe ndiyo imepinda," alijiambia kwa sauti.

Matroni alikuwa akifagia vipande vya plastiki. Alifagia kwa bidii.

Kwa kawaida Nyoosha alimwaga ndoo ya maji kwenye gata kulijaribu kabla ya kuaga. Lakini bomba la mtaa lilikuwa kavu, tangi lilikuwa jipya na tupu, na maji ya kunywa hayamwagwi kwenye gata. "Mvua itajaribu yenyewe," alisema akifunga ngazi kwenye mkokoteni. "Tena nimefurahi kazi hii imekaa hapa barabarani. Mama Duka wa hapo mbele anajenga nyumba ya wapangaji, milango kumi na kitu. Amesema mvua ya kwanza atakuja kwako kuangalia maji yanavyokwenda. Yakienda vizuri, kazi ile ni yangu. Nikiipata ile, mdogo wangu ataona kama napapasa."

Hapo ndipo Matroni angesema. Mkono ulikuwa tayari kwenye geti, mdomo umefunguka.

"Safari njema," alisema.

Alijipa moyo. Mvua ya kwanza itakuwa manyunyu tu. Atampigia simu kimya kimya, atakuja, watapanda tena, watacheka, watarekebisha kabla Mama Duka hajavaa hata viatu. Matroni alikuwa mtu wa mipango mizuri, na mpango huu haukuwa mmoja wao.

Mvua haikuja upesi. Alipika chakula kidogo, kikabaki. Alikagua vitanda ambavyo havikulaliwa, akanyoosha shuka ambazo zilikuwa zimenyooka. Nyumba ilikuwa na mwangwi sasa. Akikohoa sebuleni, kuna mtu alikohoa chumba cha wageni. Mchana mmoja alijikuta amesimama ukumbini akisema, "Hapo?" ili asikie tu linavyosikika. Akajionea aibu, akaenda kufua mapazia mapya.

Binti alipiga simu jioni kama kawaida.

"Fundi wa gata amemaliza?"

"Bado. Kuna marekebisho."

"Marekebisho gani tena?"

"Unataka kuja kumsimamia wewe?"

Binti akacheka. "Hapana, Mama. Afadhali una watu. Nilikuwa nafikiria kuomba likizo nije, lakini kama bado mko kwenye vumbi na mafundi, basi nisogeze mbele. Si ni sawa?"

"Ni sawa," Matroni alisema, na baada ya kukata simu alikaa nayo mkononi kama mtu aliyepewa chenji pungufu, ambaye anajua ni yeye mwenyewe aliyekosea hesabu.

Mvua ilishuka alasiri moja bila salamu. Hayakuwa manyunyu. Ilipiga bati, ikaingia kwenye gata, na mbele ya nyumba mambo yakaenda kama ndoto: maji yalikimbia, yakateremka kwenye bomba, yakaingia tangini kwa kishindo. Matroni alichukua mwavuli akazunguka nyuma. Huko maji yalikuwa yanakimbia vilevile, lakini kwenda kusiko. Yalijaa upande wa chumba chake, yakapanda juu ya kizibo, yakamwagika kama pazia kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi juzi. Tope lilirukia mpaka dirishani.

Alimpigia Nyoosha. "Gata la nyuma linamwagika. Njoo."

"Linamwagika vipi?"

"Njoo."

Lakini kabla hajafika, geti likagongwa, na Mama Duka akaingia na mwavuli wa maua, gauni amelipandisha magotini, malapa yakipiga matope. Duka lake lilikuwa mkabala, na benchi la duka lile ndilo lililokuwa redio ya mtaa. Habari ikifika pale asubuhi, jioni imeshaoa na kuzaa.

"Nimekuja kuona maji!" alitangaza. "Ya mbele nimeyaona, mazuri. Nipeleke nyuma."

"Nyuma kuna matope."

"Mimi nimekuja na miguu ya matope. Twende."

Wakaenda. Mama Duka alilitazama lile pazia la maji, akaangua kicheko. "He! Nyoosha huyu kanyoosha kwenda wapi? Jirani, hili si gata, hili ni bafu la nje. Weka sabuni hapo tuoge!"

Bado anacheka, Nyoosha akatokea pembeni ya nyumba, amelowa chapa, bila mwavuli. Alisimama. Hakuuliza kitu. Alilifuata gata kwa macho kutoka jikoni hadi pembe ile, akabana jicho la kushoto, akabana la kulia, kisha akayafunga yote mawili, mvua ikimtiririka usoni.

"Fundi," Mama Duka alisema, sauti imepungua utani, "mimi kazi yangu siwezi kukupa hivi. Utanisamehe. Wapangaji watanihama kwa mashua."

"Una haki," Nyoosha alisema. "Nililiona siku ile. Macho yaliniambia limeinama huku, nikasema hapana, ni nyumba. Sikuyaamini." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kumbe mdogo wangu alisema kweli. Basi. Mtu anajua akifika mwisho. Nitatafuta mtu wa kulirekebisha hili, Mama, nitamlipa mimi. Ngazi na vifaa nitampa mdogo wangu."

Alisema bila kulalamika, kama anayesoma tangazo. Na Matroni, ambaye alikuwa amesikia wasichana wengi wakilia kwa sauti na hakubabaika, alibabaika.

"Macho yako mazima," alisema.

"Usinifariji, Mama."

"Sijawahi kumfariji mtu, sianzi leo. Alama yangu niliichora chini. Maji yalisimama hapa," akaweka mkono hewani, "mimi nikachora hapa. Kwa makusudi. Uliloliona uliliona sawasawa."

Mama Duka aliuinua mwavuli wake amwone vizuri.

"Kwa makusudi?" Mama Duka alisema. "Kwa nini sasa?"

"Ili arudi."

Macho ya Mama Duka yakapanuka kwa furaha. "Arudi! Aa, jirani! Kumbe! Na umri huu, wewe na fundi—"

"Funga mdomo, si hilo. Ingekuwa hilo ningemwambia, ningeogopa nini? Nilitaka mtu wa kuongea naye. Nyumba iko kimya. Watu wote wameondoka, ninaongea na vigae. Alikuwa ananiuliza 'hapo', nami ninamjibu. Nikaona kesho hakuna wa kuniuliza. Nikachora chini. Umesikia? Haya, nenda kawaambie na wa benchini."

Furaha ikamtoka Mama Duka machoni. Akaangalia malapa yake. "Nyumba yangu ina paa kubwa, fundi," akasema mwishowe. "Ukimaliza hapa uje tuongee." Akaondoka akirudisha gauni chini, hata mvua haijaisha.

Nyoosha alibaki. Matroni alingoja. Angependa kutukanwa, maana matusi ni maongezi.

"Ungenipigia simu," Nyoosha alisema. "Ungesema, fundi, ukipita njia hii ingia unywe chai."

"Ungekuja?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kupima, hata jibu alilipima. "Sijui," alisema. "Siku ya kwanza labda. Sijui kama ningekuja ya pili." Kisha akasema, "Lakini macho yangu, Mama. Ulinyamaza nikisema macho yangu ni mabovu. Siku ile nimesimama hapa, ulikuwa unafagia."

"Ndiyo."

"Nitakuja kesho kulitoa gata."

Alikuja asubuhi, jua limetoka, ukuta umeacha michirizi ya tope kama mashavu ya mtoto. Matroni alikuwa amevaa kilemba na viatu vya kufunga, penseli mkononi. Nyoosha alimsalimia kwa adabu zote. Akasimamisha ngazi zote mbili. Kisha akapanda ile ya upande wa Matroni, akaifunga ncha ya mpira kwenye ubao kwa waya, akaukaza kwa koleo, akashuka. Akavuka uwanja. Akapanda ngazi ya jikoni, akashika ncha yake, akangojea maji yatulie. Akachora. Akashuka, akavuka uwanja, akapanda ya upande wa pili kuangalia yaliposimama kule. Yalikuwa yamecheza. Akashuka tena.

"Nishike ngazi basi," Matroni alisema.

"Kaa tu, Mama."

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Alimwona yule mtu mrefu akipanda na kushuka, akipita chini ya mpera huku na huku, akiinama kila mara kukwepa tawi lilelile. Kazi ambayo wao wawili waliimaliza kwa maneno mawili ilimchukua asubuhi nzima. Hakuuliza kitu, kwa kuwa hakukuwa na wa kumuuliza. Ncha zote mbili zilikuwa zake. Matroni hakuingia ndani. Aliona kwamba kutazama ndiyo sehemu yake, akaitazama yote.

Jua lilipokuwa utosini gata lilikuwa limefungwa upya. Nyoosha alichota ndoo kutoka kwenye tangi, ambalo sasa lilikuwa na maji ya mvua, akamimina upande wa chumba cha kulala. Maji yakaondoka, yakakimbia ukuta mzima bila kusimama, yakashuka jikoni.

"Limekubali," Matroni alisema.

"Limekubali." Alifunga ngazi. Chai aliikataa vizuri, akasema anawahi kwa Mama Duka. Getini aligeuka, akalitazama paa kwa macho yote mawili, na kitu kikalegea mabegani mwake. Matroni alijua hakuwa anamtazama yeye.

Jioni binti alipiga. "Mama! Marekebisho yameisha?"

"Yameisha leo, lakini kazi yenyewe iliisha zamani. Nilikudanganya. Hapa hakuna fundi, hakuna mtu. Niko peke yangu tangu wiki ile, na sipendi."

Upande wa pili gari lilisikika likipita katika mji ule wa mbali.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nimesema sasa. Unakuja?"

"Nitajitahidi. Tutaangalia. Pengine—"

"Usijitahidi. Sema unakuja lini, au sema huji. Nikilijua nitalibeba."

Binti alivuta pumzi. Likizo alikwishaiacha, alisema, mwenzake ameichukua. Alilia kidogo, Matroni akamwacha alie. "Siji mwaka huu, Mama," alisema mwishowe.

"Haya. Asante."

Alimaanisha. Aliweka simu mezani, akakaa mbele yake mpaka chumba kikapoteza rangi, na lile "siji" likakaa pamoja naye, zito, lakini limesimama sawasawa, halichezi.

Kesho yake, baada ya kufagia palipokuwa safi, alifunga mlango akavuka barabara. Kwenye benchi la duka walikuwepo wanawake wawili na mzee mmoja mshona viatu, na walivyonyamaza kwa pamoja alijua habari imeshafika, imeoa na imezaa. Nyuma ya duka, kwenye nyumba ya wapangaji, nyundo ya Nyoosha ilikuwa inagonga. Hakutazama huko.

"Karibu, jirani," Mama Duka alisema kutoka dirishani. "Nikupe nini? Sukari? Sabuni?"

Matroni alikuwa na sukari. Alikuwa na sabuni ya kutosha kuosha bweni zima. Njiani alikuwa ameandaa kusema kiberiti.

"Sitaki kitu," alisema. "Nimekuja kukaa."

Mwanamke mmoja akakohoa kicheko. Yule mzee akatazama viatu. Mama Duka alimpimia mtu mwingine unga, akafunga mfuko, akarudisha chenji, ndipo akasema, "Sogeeni huko, nyie. Mtu hakai hewani."

Wakasogea, si sana. Matroni akaketi kwenye ncha ya benchi, nusu ya mwili nje. Wateja walikuja, wakanunua, wakaenda. Maongezi yakarudi polepole, yakampita juu ya kichwa, kuhusu watu asiowajua na ugomvi ambao hakuusikia ulipoanza. Hakuna aliyemuuliza neno. Alikaza mgongo, akaweka mikono magotini, akabaki pale.